Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Nyumbani, Virusi na Matapeli wa Mtandaoni

Tulipowaalika wasomaji watuulize kuhusu usalama wa kompyuta za nyumbani, barua nyingi zilitoka Tanga, kuanzia Raskazoni hadi Pongwe, na karibu zote zimeandikwa na watu ambao tayari yamewakuta. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Majina ya waandishi nimeyahifadhi, kwa kuwa aliyetapeliwa hana sababu ya kuaibishwa tena mbele ya watu.

Skrini ilipiga king'ora

*Assalaam alaykum, Mshauri. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Chumbageni. Nilikuwa natazama mapishi kwenye kompyuta aliyoniachia mwanangu, mara skrini nzima ikajaa maandishi mekundu, king'ora kikalia, na sauti ikasema kwa Kiingereza kwamba kompyuta imeingiwa na virusi, nisiizime, bali niwasiliane na mafundi wa Microsoft kwa namba ya WhatsApp iliyoandikwa pale. Nikaandika, akanipigia mwanamume mwenye adabu sana. Alinielekeza nipakue programu, kisha nikaona kishale kinatembea chenyewe. Akanionyesha orodha ndefu ya makosa, akasema matengenezo ni dola 150 na nimsomee namba za kadi yangu ya benki. Hapo nikaingiwa na hofu, nikaifunga kompyuta. Je, amechukua nini? Na kompyuta hii bado inafaa kutumika?*

Wa alaykum salaam, mama. Hofu uliyoingiwa nayo ndiyo iliyookoa akiba yako, na ninakupongeza kwa kuisikiliza.

Kilichojaa kwenye skrini hakikuwa virusi. Ulikuwa ukurasa wa tovuti, wa aina ileile na ule wa mapishi, ila umetengenezwa kwa ajili ya kutisha: unajitanua ukafunika skrini yote ili alama ya kuufunga isionekane, na king'ora chake ni sauti iliyorekodiwa tu. Ukurasa wa tovuti hauna uwezo wa kupekua ndani ya mashine yako ukatafuta virusi, hivyo tovuti yoyote inayodai kuwa imevikuta inasema uongo. Microsoft wenyewe wameeleza bayana kwamba maonyo yao halisi hayawekwi namba ya simu. Ukikutana na ukurasa wa namna hiyo tena, bonyeza kitufe cha Esc na kukishikilia kwa sekunde chache. Usipoondoka, bonyeza Alt na F4 kwa pamoja. Nao ukizidi kukaidi, izime kompyuta kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, hata kama sauti inakukataza. Utakapoiwasha na kivinjari kikakuuliza kama kikurudishie kurasa zilizokuwa wazi, kataa.

Sasa nije kwa yule mwanamume mwenye adabu. Programu aliyokuelekeza, iwe AnyDesk, TeamViewer au nyingine ya jamii hiyo, ni halali na mafundi waaminifu huitumia kila siku kuwasaidia wateja walio mbali, na ndiyo sababu kinga ya virusi haikukuonya. Hatari ilikuwa kwa mtu uliyemruhusu aiendeshe. Na ile orodha ya makosa aliyokuonyesha ni kumbukumbu za kawaida za Windows, ambamo mashine huandika kila jambo lililokwama, hata programu iliyochelewa kuwaka. Kompyuta iliyotoka dukani leo nayo itakuwa na orodha yake. Tapeli huichagua orodha hiyo kwa kuwa anajua kuwa mwenye kompyuta hajawahi kuiona.

Hata hivyo, kwa muda aliokuwa ndani aliweza kunakili mafaili na kusoma nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na ni lazima tuchukulie kwamba alifanya hivyo. Kwanza itenge kompyuta na intaneti. Fungua orodha ya programu, ipange kwa tarehe, na uondoe kila kilichowekwa siku ile. Kisha, kwa kutumia simu yako na si kompyuta hiyo, badilisha nywila ya barua pepe kabla ya nyingine yoyote, kwa maana atakayeishika barua pepe yako ataomba nywila mpya za akaunti zako zote na zitamfikia yeye. Katika mipangilio ya akaunti hiyo, viondoe pia vifaa vyote usivyovitambua. Kama ulikuwa umeanza kusoma namba za kadi, hata nusu yake, ipigie benki kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yenyewe, uombe kadi ifungwe. Mwisho, fungua Microsoft Defender, yaani kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, uendeshe ukaguzi wake wa nje ya mfumo (Offline scan), ambao huiwasha kompyuta upya na kuikagua kabla Windows haijaamka, ili kitu kilichojificha kisipate nafasi ya kujitetea. Ukiona kwamba mtu yule aliachwa na mashine kwa muda mrefu, au skrini iliwahi kuwa nyeusi huku akiendelea kufanya kazi, ningekushauri mwanao anakili picha na nyaraka, kisha aweke Windows upya. Baada ya hapo kompyuta itafaa kabisa.

Jambo moja zaidi, kwa sababu wasomaji watatu wa Mabawa wameliuliza pia. Wapo wanaoona vikaratasi vidogo vikichomoza pembeni mwa skrini vikisema virusi vimeonekana, hata pale ambapo hakuna tovuti iliyofunguliwa. Mara nyingi hizo ni arifa ambazo mtumiaji aliziruhusu bila kujua, pale tovuti ilipomtaka abofye kitufe cha kuruhusu ili athibitishe kuwa yeye si roboti au ili video ianze. Ingia katika mipangilio ya kivinjari, sehemu ya faragha na usalama, kisha arifa, uziondoe tovuti zote usizozijua. Hakuna fundi anayestahili kulipwa kwa kazi hiyo.

Flashi inayorudi imechafuka

*Mshauri, hongera kwa kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Pongwe. Kila nikipeleka mitihani kuchapisha kwenye steshenari mjini, flashi yangu hurudi na folda zote zimegeuka njia za mkato, na mafaili mengine hayaonekani. Nimeshauriwa niifute flashi yote kila mara. Je, mafaili hupotea kweli? Na nifanyeje nisibebe virusi hivyo hadi nyumbani?*

Mwalimu, mafaili yako yamo humohumo ndani ya flashi. Kirusi cha aina hii huyaficha kwa kuyapa alama ileile ambayo Windows hutumia kuficha mafaili ya mfumo, kisha huweka badala yake njia za mkato zenye majina yaleyale. Unapobofya njia ya mkato, mambo mawili hutokea kwa pamoja: kirusi kinaendeshwa, na folda halisi inafunguka mbele yako, ukadhani hakuna kilichoharibika. Tangu hapo kompyuta yako nayo inaambukiza kila flashi inayochomekwa.

Zamani haikuhitajika hata kubofya. Kirusi cha Conficker, kilichoonekana mwishoni mwa mwaka 2008 na kuenea katika mamilioni ya kompyuta duniani, kilitumia tabia ya Windows ya kuendesha yenyewe kilichomo kwenye flashi mara inapochomekwa. Windows 7 iliiacha tabia hiyo, na Februari 2011 Microsoft ikasambaza sasisho lililoiondoa hata katika matoleo ya nyuma yake. Tangu hapo waandishi wa virusi wamelazimika kumngoja mwenye flashi abofye mwenyewe, na hiyo ni faida kubwa kwako, kwa kuwa sasa mlango unalindwa na macho yako. Folda yenye kishale kidogo pembeni mwa picha yake haibofywi.

Anza na kompyuta ya nyumbani, kwa kuwa ukisafisha flashi peke yake utaichafua tena kwa kuichomeka. Endesha ukaguzi kamili, usubiri hadi umalizike, ndipo uchomeke flashi na kuikagua nayo. Kurudisha yaliyofichwa, tazama flashi imepewa herufi gani, tuseme E, kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na ubonyeze Enter. Mafaili yatatokeza. Yanakili kwenye kompyuta, futa njia za mkato, na hapo ndipo inapofaa kuifuta flashi yote kama ulivyoshauriwa.

Kwa siku zijazo, tenga flashi moja ya kuchapishia pekee. Iwe tupu, iwekwe faili la PDF la siku hiyo tu, na ikirudi ifutwe yote kabla hujafungua chochote kilichomo. Kirusi hakiwezi kuficha kazi zako za mwaka mzima ikiwa hukuzipeleka dukani. Najua kwamba wengi mjini wamezoea kutuma nyaraka kwenye WhatsApp ya steshenari au kufungua barua pepe zao kwenye kompyuta ya duka. Kwa mtihani usifanye hivyo, Mwalimu, kwa sababu faili hubaki pale likisubiri mteja mwingine alione. Hata kwa cheti au kitambulisho cha NIDA, simama hapo hadi faili lifutwe na pipa la taka la kompyuta litupwe, na kama uliingia kwenye akaunti yako, hakikisha umetoka. Kitambulisho kilichosahaulika kwenye kompyuta ya watu wengi kinaweza kutumika vibaya na mtu usiyemjua kabisa.

Na wenye maduka ya steshenari wanaosoma safu hii, nawaomba kwa dhati: kompyuta inayopokea flashi za mji mzima ikaguliwe kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Jambo hili haliwagharimu ila dakika chache, na manufaa yake yanafika katika nyumba nyingi msizozijua.

Hesabu za kikoba zimefungwa

*Shikamoo, Mshauri. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama, Makorora. Mdogo wangu alipakua mchezo wa mpira wa kulipia uliokrakiwa ili uchezwe bure. Usiku uleule hesabu zetu zote, picha na barua vikawa havifunguki, na kila faili likaongezewa herufi nne za ajabu mwishoni. Limeachwa faili la maandishi linalotutaka tulipe dola 980, au nusu yake tukiwahi ndani ya saa 72. Wenzangu wanataka tuchange tulipe. Nifanye nini?*

Marahaba, dada yangu. Pole sana. Msichange.

Maelezo yako, hasa bei hiyo ya dola 980 inayoshuka hadi 490 kwa atakayewahi, yanafanana na ujumbe unaoachwa na jamii ya programu zinazojulikana kwa jina la STOP au Djvu, ambazo kwa miaka mingi zimewalenga watu wa nyumbani kuliko makampuni, na njia yake kuu ya kuingilia ni hiyohiyo iliyotumika kwenu, yaani michezo na programu za kulipia zinazotolewa bure baada ya kukrakiwa, yaani kuvunjwa kufuli zake. Programu hiyo hubadilisha maandishi ya faili kwa hesabu za siri zisizoweza kufumbuliwa bila ufunguo, kisha wenye kuitengeneza huuza ufunguo. Saa 72 wamewekewa watu kama nyinyi ili mlipe kabla ya kupata wa kumuuliza. Nayo malipo hayana dhamana yoyote: wapo waliolipa wakapewa ufunguo, na wapo waliolipa wakaombwa nyongeza.

Kabla ya lolote, itenge kompyuta na intaneti, na usichomeke flashi wala diski nyingine, kwa sababu programu hiyo ikiwa bado hai itavifunga navyo. Usiyafute mafaili yaliyofungwa. Mwezi Julai 2016 polisi wa Uholanzi, shirika la polisi la Ulaya la Europol na kampuni za usalama za Kaspersky na Intel Security zilianzisha mradi wa No More Ransom, ambao tovuti yake, nomoreransom.org, inapokea sampuli ya faili lililofungwa pamoja na ujumbe wa wezi, ikautambua ugonjwa, na kukupa bure programu ya kufungulia endapo ipo. Kwa STOP, kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya namna hiyo Oktoba 2019. Haifungui kila toleo. Kwa matoleo mapya inategemea kama kompyuta ilikuwa imeungana na mitambo ya wezi wakati mafaili yanafungwa, kwa maana isipoungana hutumika ufunguo mmoja kwa waathirika wengi, na ufunguo huo siku moja hupatikana. Ndiyo maana nasema mafaili yahifadhiwe hata kama leo hayafunguki. Kwa video na nyimbo kuna tumaini jingine, kwa kuwa jamii hii hufunga kilobaiti takriban 150 za mwanzo za kila faili na kuacha zilizobaki, hivyo faili refu la video huweza kurekebishwa kwa sehemu kubwa. Jedwali dogo la hesabu, kwa bahati mbaya, humalizika lote ndani ya kipimo hicho.

Kwa hiyo hesabu za kikoba zirudisheni kwa njia ya kawaida, na mwanzie leo wakati kumbukumbu bado ni mbichi: kila mwanachama alete daftari lake, jumbe za miamala zilizomo kwenye simu zenu zikusanywe, na kama mna akaunti ya benki ombeni taarifa ya miamala. Wapo watakaokulaumu wewe na mdogo wako. Waambie, kwa idhini yangu, kwamba fedha ya kikoba haikuibiwa, bali karatasi zake ndizo zilizofungwa.

Usisahau kwamba STOP mara nyingi huja na mwenzake anayeiba nywila kimyakimya. Badilisha nywila zote kwa kutumia simu, kisha kompyuta iwekewe Windows upya.

Tukio hili lingekuwa usumbufu wa nusu siku kama kungekuwa na nakala pembeni, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu katika barua zote nilizopokea hakuna hata mmoja aliyetaja kuwa na nakala. Nunueni diski ya nje. Siku ya mkutano wa kikoba iunganishwe, hesabu zinakiliwe, kisha ichomolewe na ikae kwa mwanachama mwingine, ndani ya kopo lenye mfuniko mzuri, kwa kuwa unyevu na chumvi ya pwani yetu havisamehe vyombo vya umeme. Diski inayoachwa imechomekwa si nakala, maana itafungwa pamoja na kompyuta. Nakala ya pili iwe kwenye hifadhi ya mtandaoni: Google Drive hutoa gigabaiti 15 bure, na hesabu za kikoba hazitajaza hata sehemu ndogo yake. Na kila mwezi ukurasa wa jumla uchapishwe kwenye karatasi na kutiwa saini na viongozi watatu. Karatasi haiambukizwi.

Kinga ya kununua, Windows ya zamani na Office ya bure

*Mimi ni kijana wa Ngamiani. Nimenunua kompyuta ya mtumba yenye Windows 10. Muuzaji ananishauri nilipie antivirusi ya mwaka, na fundi mwingine anasema atazima kinga iliyopo ili aniwekee Office bila kulipia. Nimsikilize nani?*

Usimsikilize yeyote kati yao, mdogo wangu, na hasa huyo wa pili.

Programu za kuvunjia kufuli za Windows na Office karibu zote hudai kinga izimwe kwanza, na ukishaizima huna njia ya kujua kilichoingia pamoja nazo. Mwaka 2021 watafiti wa usalama walieleza jinsi nakala za KMSPico, ambayo mafundi wengi huitumia, zilivyokuwa zikibeba mwizi wa nywila aitwaye CryptBot. Kwa barua za maombi ya kazi na hesabu za shule, LibreOffice inatosha, ni ya bure kihalali, na hufungua mafaili ya Word na Excel.

Kuhusu kulipia antivirusi, maoni yangu ni kwamba mtumiaji wa nyumbani hana haja nayo. Microsoft Defender imo ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo na inafanya kazi hiyo vizuri, mradi haijazimwa. Fedha uliyotaka kumpa muuzaji kanunulie diski ya nje, kwa sababu hakuna antivirusi inayokamata kila kitu, na inaposhindwa ni nakala pekee itakayokurudishia kazi zako.

Linalonitia wasiwasi ni Windows 10 yenyewe. Msaada wake wa kawaida ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa watu wa nyumbani Microsoft ikatoa nyongeza ya masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Masasisho haya watu huyachukia kwa kuwa yanamaliza bando na kuchelewesha kompyuta kuzimika, lakini zingatia yaliyotokea tarehe 12 Mei 2017: programu ya WannaCry ilienea katika nchi takriban 150, ikafunga hata kompyuta za hospitali za Uingereza, kwa kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imelitolea kiraka tangu tarehe 14 Machi. Waliosasisha katika miezi hiyo miwili janga hilo halikuwapata. Hivyo jiandikishe kwenye nyongeza hiyo, kisha uangalie kama mashine inaweza kupanda kwenda Windows 11; kwa jumla prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane hazikubaliki. Isipokubali, Linux Mint, mfumo unaowekwa badala ya Windows, ni bure, hukaa vizuri kwenye mashine za mtumba, na itaendelea kupata masasisho. Ukiwa na bando dogo, pakua masasisho usiku kwa kifurushi cha bei nafuu, lakini usiyazime.

Ukimaliza hayo, jifungulie akaunti mbili ndani ya kompyuta: moja ya msimamizi, inayoguswa wakati wa kuweka programu tu, na nyingine ya kawaida ya kutumia kila siku. Wadogo zako wakikaa hapo, wakae kwenye ya kawaida. Mchezo utakaotaka nywila ya msimamizi utakuwa umejitambulisha wenyewe.

Tangazo la ajira lenye kiambatisho

*Nimepokea barua pepe inayosema nimechaguliwa kwenye usaili wa kazi za bomba la mafuta kule Chongoleani. Wanataka shilingi 35,000 za usaili na nifungue fomu iliyoambatishwa. Mimi ni mhitimu wa chuo, naishi Sahare, na sikuwahi kuomba kazi hiyo.*

Binti yangu, sentensi yako ya mwisho imetoa jibu. Hakuna usaili kwa asiyeomba, na mwajiri anayekutoza ada kabla ya kukuona anauza matumaini yako. Wanaoandika barua hizi wanajua kwamba vijana wa Tanga wanaitazama miradi mikubwa kwa hamu, na kwa hiyo hutumia majina ya miradi hiyo bila wenyewe kuhusika.

Fomu usiifungue kabla ya kutazama jina lake zima. Windows, isipobadilishwa, huficha herufi za mwisho za jina la faili, hivyo faili liitwalo fomu.pdf.exe litaonekana kama fomu.pdf, ilhali ni programu kamili. Ujanja huo ni wa siku nyingi; Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilichotoka Ufilipino kilizunguka dunia kwa kujifanya barua ya mapenzi yenye herufi za TXT, huku za kweli zikiwa zimefichwa nyuma yake. Kwenye dirisha la mafaili, sehemu ya mwonekano, weka alama ili herufi hizo zionekane siku zote.

Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye portal.ajira.go.tz. Andika anwani hiyo mwenyewe badala ya kubofya kiungo ulichotumiwa, na uisome hadi mwisho, kwa sababu anwani inaweza kuanza na ajira.go.tz kisha ikaendelea na nukta na maneno mengine hadi .com, na hiyo si ya serikali. Wala alama ya kufuli kwenye kivinjari isikutulize: inaonyesha kwamba mazungumzo yenu hayasikilizwi njiani, haielezi unazungumza na nani.

Namba sita za WhatsApp

*Mimi ni mstaafu wa bandari, naishi Raskazoni. Mtu aliyejiita mjumbe wa kundi letu la WhatsApp aliniomba namba sita zilizokuja kwenye simu yangu, nikampa. Sasa siwezi kuingia, na ndugu zangu wanaombwa fedha kwa jina langu.*

Shikamoo, mzee wangu. Namba hizo sita ndizo WhatsApp inazozituma ili kuthibitisha kwamba laini ni yako, na aliyezipata ameifungua akaunti yako kwenye simu yake. Leo hii weka WhatsApp upya kwa namba yako, omba namba sita mpya, uingie. Yeye atatolewa papo hapo. Ukitakiwa namba ya siri usiyoijua, maana yake ameiweka yeye, nawe utalazimika kusubiri siku saba, lakini hata hivyo atakuwa ametolewa. Wakati ukisubiri, wapigie ndugu zako kwa sauti yako, uanze na wale wenye moyo wa kutoa haraka, na uwaambie wasitume kitu. Ukisharudi, washa uthibitishaji wa hatua mbili na utazame sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uondoe kompyuta yoyote usiyoitambua.

Ujumbe wa kuomba fedha usiufute. Pamoja na ule mwingine ambao sote tunaufahamu, wa kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii, upelekwe kwa namba 15040, ambako Mamlaka ya Mawasiliano hupokea taarifa za namba za matapeli, kisha uende kituo cha polisi ukiwa na simu yako, kwa kuwa kitendo hiki ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ndugu aliyekwisha kutuma fedha asisubiri wewe ufike polisi: ampigie mtoa huduma wake wa simu mara moja aombe muamala uzuiwe, kwani fedha ikishatolewa kwa wakala ni vigumu sana kuirudisha. Halafu piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukiona usiyoijua, nenda kwenye ofisi ya mtandao husika na kitambulisho hicho mkononi, iondolewe.